Alama Nyekundu kwenye Bembea

Mtaa mzima ulimwita Bi Filimbi, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Miaka ishirini na tatu alikuwa mtunzaji wa bustani ya watoto iliyo nyuma ya soko, na miaka yote hiyo filimbi ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Akiipuliza mara moja, mtoto fulani ashuke ukutani. Akiipuliza mara mbili, wavulana waache kupiga mpira kwenye maua. Akiipuliza kwa kirefu saa kumi na mbili jioni, kila mtu aende kwao. Wapenzi wa benchi la mwisho ndio waliojitia uziwi, na hao aliwafuata mwenyewe. "Haya, wachumba, kwenu hakuna viti?" Wakacheka, wakaondoka.

Siku hizi ukimtaja, watu wanakunja uso. Wana haki. Lakini wengi wanaisimulia habari yake nusu, na nusu ya habari ni kitu kibaya sana.

Aliishi langoni mwa bustani, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mali ya Bodi ya Bustani na Viwanja. Alikaa na mama yake mzazi, bibi kikongwe mwenye miguu dhaifu na mdomo mzima kabisa, aliyemgombeza binti yake mbele za watu ingawa binti mwenyewe alishatimiza miaka hamsini na tisa. Wakati wa mambo haya alibakiwa na miezi kumi astaafu. Kanuni ya Bodi ilikuwa wazi. Mtunzaji akistaafu kwa heshima, anaachiwa nyumba mpaka afe. Akifukuzwa, anapewa siku saba atoe vyombo.

Bodi ilikuwa na bustani kumi na moja mjini na fundi mmoja tu wa kuchomelea vyuma, tena kibarua. Fundi huyo alikuwa shemeji yake Bi Filimbi, mume wa marehemu mdogo wake. Bi Filimbi ndiye aliyempigia debe miaka kumi na miwili nyuma mpaka fundi akapewa kazi. Wakikutana ilikuwa utani mtindo mmoja. "Shemeji, umenenepa, benchi linalia," fundi angesema. "Linalia kwa kuwa wewe ndiye uliyelichomelea," angejibiwa.

Kazi ilikwenda hivi. Mara mbili kwa mwaka karani wa ukaguzi alipita bustani zote pamoja na fundi. Fundi aligonga vyuma kwa nyundo; akisikia sauti mbovu, karani aliandika kwenye karatasi, na fundi alipiga X nyekundu kwenye chuma chenyewe. Karatasi ilirudi ofisini ikalala huko mpaka vifaa vitoke. Vikitoka, fundi alirudi bila karatasi yoyote, akifuata alama zake. Chenye X alikichomelea, kisha akaifuta X kwa kuipaka rangi ya kijani. Kisicho na X hakukigusa, hata kama kinamwangukia, maana aliwahi kukigusa kimoja kwa huruma akaandikiwa barua ya onyo. Kwa hiyo kila mtu bustanini alijua. X ipo, kazi bado. X haipo, kazi imekwisha. Hata watoto walijua.

Mwaka huo fundi aligonga mguu wa nyuma wa bembea kubwa, pale chini unapoingia kwenye saruji, na nyundo ikatoa sauti ya debe tupu.

"Shemeji, hili bomba limeoza ndani. Mtoto asikalie."

Akapiga X yake, kubwa kama kiganja. Saa hiyo hiyo Bi Filimbi akaleta ngazi, akavirusha viti vya bembea juu ya boriti, minyororo ikajizungusha huko, watoto wasivifikie. Walilia weee. Mmoja akamwita mchawi. "Mchawi mzee," alimjibu, "haya, kacheze kwenye mteremko."

Vifaa havikutoka. Wiki tano zilipita, na viti vikabaki juu. Badala ya vifaa ikaja barua, na pamoja nayo makopo manne ya rangi ya kijani. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa anakuja na wageni kutoka mji mwingine kuwaonyesha jinsi bustani zinavyosimamiwa. Barua iliagiza vyuma vyote vipakwe rangi, ila alama za ukaguzi zisifunikwe. Ilikuwa na mhuri na sahihi ya Katibu.

Mchana wa siku iliyotangulia ugeni, Katibu huyo huyo akapiga simu.

"Mama, hakikisha hakuna mabaka mekundu pale njiani. Mwenyekiti akiyaona atauliza mbele ya wageni, na mimi sina la kumjibu."

"Na barua je?"

"Barua ni barua, mama. Niliiandika mwenyewe, naijua."

Bustani ile ilikuwa na X mbili. Ya mteremko ilijificha chini ya ngazi zake, asingeiona mgeni asiyeinama, akaiacha. Ya bembea ilitazamana na njia uso kwa uso. Bi Filimbi alichuchumaa mbele yake na brashi kwa muda. Akajiambia, wageni wakiondoka tu nitairudisha. Hakuwa na rangi nyekundu, lakini angeiomba kwa shemeji. Akapaka. Mkono wa kwanza X ilionekana kwa mbali, akapaka mkono wa pili.

Mwenyekiti alikaa muda wa kunywa glasi ya maji. Alishika ngazi za mteremko, akasema hii ndiyo bustani ya mfano, wageni wakaitikia kwa vichwa, magari yakaondoka. Bi Filimbi alifurahi, kwa nini tuseme hakufurahi? Miaka ishirini na tatu hakuna aliyewahi kumsifu.

Asubuhi iliyofuata mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hapo dunia yote ikawa wodi moja yenye vitanda ishirini. Siku tisa alishinda hospitali, akimgeuza mama ubavu huu na ubavu ule, akigombana na wauguzi, akigombezwa na mama. Bustani aliiachia mfagizi, mwanamke mpole aliyefanya alichoambiwa na hakuuliza asichoambiwa.

Siku ya kumi alirudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mfagizi akampokea langoni.

"Fundi alikuja jana. Kamaliza kila kitu. Mteremko umekuwa mpya!"

Bi Filimbi akaenda kwenye mteremko, akainama. X haikuwepo, na chuma kilikuwa na mshono mpya wa kuchomelea. Akaenda kwenye bembea. Mguu wa nyuma ulikuwa wa kijani safi, bila doa. Akaupapasa kwa kiganja, akashukuru. Alisahau. Jamani, watu wamelitafutia jambo hili maneno mengi, wapo wanaosema alifanya makusudi ili bustani ijae, lakini ukweli ni huo, alisahau kwamba rangi ile ni ya mkono wake. Kichwani mwake ilibaki sheria moja tu ya bustani: X haipo, kazi imekwisha.

Na fundi naye, jana yake, alisimama pale pale. Alikuwa na alama zaidi ya arobaini katika bustani kumi na moja, zilizopigwa wiki saba nyuma. Alikumbuka kwa mbali kwamba bembea mojawapo ilikuwa na mguu mbovu, ya huku au ya kule kwenye uwanja wa mpira. Akatazama, hakuona X, viti vilivyo juu akadhani vimepandishwa kwa ajili ya rangi mpya, akakumbuka barua yake ya onyo, akakunja waya zake akaenda.

Bi Filimbi akapanda ngazi akavishusha viti. Akapuliza filimbi, na watoto wakaja mbio, wakasukumana kupanga foleni.

Ilichukua siku nne. Jumamosi alasiri, mtoto wa kike wa miaka saba, binti wa mshona nguo wa mtaa wa pili, alikuwa juu kabisa, miguu mbele, anacheka, pale mguu wa nyuma ulipokatika. Bembea ililala upande taratibu kwanza, kisha yote kwa pamoja. Boriti ya juu ilimkuta kichwani.

Bi Filimbi na mfagizi waliinyanyua ile boriti wenyewe. Hadi leo hakuna anayejua waliwezaje. Mtoto alishakata roho. Na alipokuwa amepiga magoti pale, Bi Filimbi akaona mguu wa bembea uliokatika. Rangi ya kijani ilikuwa imepasuka vipande vipande, na chini ya vipande hivyo kulikuwa na wekundu. Akakumbuka yote kwa mara moja, brashi, simu, mkono wa pili. Akafunika kile chuma kwa gauni lake. Watu walidhani miguu imemwishia.

Kabla ya jioni lori la Bodi lilikuja likapakia mabomba yote kama chakavu. Polisi waliandika ajali, wakasema mengine ni ya Bodi.

Bodi ilikaa baada ya maziko. Chumba chao cha kikao kina meza ndefu na feni isiyozunguka, na wajumbe saba walijipanga upande mmoja kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Fundi aliitwa kwanza.

"Alama ilikuwepo kwenye karatasi," Katibu alisema. "Mguu wa nyuma, bembea kubwa. Uliipiga mwenyewe. Kwa nini hukuchomelea?"

"Sikuiona, mheshimiwa."

"Ukubwa wa kiganja, nyekundu, kwenye kijani. Hukuiona?"

Fundi alitazama mikono yake. "Sikuiona."

Kisha akaitwa Bi Filimbi. Katibu alimtazama kwa muda mrefu, naye akamtazama, na wote wawili walijua kilichosemwa kwenye simu.

"Mama, barua ilisema alama zisifunikwe. Ulipaka kwa kuzizunguka alama, kama barua ilivyoagiza. Sivyo?"

Swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Aliwaza siku saba za kutoa vyombo. Alimwaza mama yake amelala na nyonga ya chuma, wapi atampeleka. Shemeji yake alikuwa nyuma yake kwenye benchi, na Bi Filimbi hakugeuka kumtazama.

"Nilizizunguka," alisema.

Fundi akavuta pumzi. Halafu akasema, bila kuulizwa, "Basi itakuwa macho yangu. Miaka thelathini ya moto wa kuchomelea. Itakuwa yamekwisha."

Kumbukumbu ziliandika hivyo: uzembe wa fundi kutokana na udhaifu wa macho. Asipewe tena kazi katika bustani yoyote. Mtunzaji alipewa pole.

Mkipenda mlaumuni Katibu, na mimi nitawasaidia. Lakini neno lile lilitoka kinywani mwa Bi Filimbi, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikana.

Miezi mitano aliishi nalo. Filimbi hakuipuliza tena. Alizunguka bustani akiwaambia watu mmoja mmoja waende kwao. Shemeji hakuonekana. Bi Filimbi alimshukuru Mungu kwa kutomwona, kisha akajilaani kwa kushukuru. Mama yake alimwambia, "We una kitu kooni, kiteme," naye akajibu kwamba ni mafua.

Ndipo siku moja binti wa fundi, msichana wa miaka kumi na saba, alipobisha hodi langoni.

"Mama mkubwa, shikamoo. Baba kauza mashine."

"Marahaba. Mashine ipi?"

"Ya kuchomelea. Na nyundo, na miwani, vyote. Watu walimletea kazi za mageti, akakataa. Anasema macho yamekufa, asije akaua mtoto mwingine. Hospitali hataki kwenda. Anasema anaogopa kuambiwa." Msichana akaanza kulia. "Zungumza naye, mama mkubwa. Wewe anakusikiliza."

Bi Filimbi hakwenda kwa shemeji. Alikwenda kwa Bodi. Msione ajabu, kumwambia mtu wa ofisini ni rahisi kuliko kumwambia uliyemkosea. Alisubiri siku ya kikao, akavaa gauni lake la kanisani, akaingia bila kuitwa, akasema yote kwa kusimama: rangi, mkono wa kwanza, mkono wa pili, simu. Alipotaja simu, Katibu aliandika kitu kwenye daftari lake bila haraka.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, suala hilo lilishafungwa. Kumbukumbu za kikao kile zilisomwa, zikathibitishwa, zikapigwa mhuri. Bodi haiwezi kuthibitisha mambo mawili yanayopingana."

"Basi futeni lile la kwanza."

"Kumbukumbu hazifutwi," Mwenyekiti alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Tuendelee. Ajenda ya nne, mabenchi ya uwanja wa mpira."

Wakaendelea na mabenchi, kweli kabisa! Katibu alimsindikiza mpaka kwenye korido. "Umeshautua mzigo, mama. Una miezi michache tu mbele. Mimi sikusikia kitu, nenda kapumzike."

Na ukweli usemwe, alipotoka nje alijisikia mwepesi. Alijiambia, hawakutaka kusikia. Nyumba ipo, mama yupo, na dhambi ameiungama. Njiani alinunua machungwa. Wepesi huo ulimbeba siku mbili nzima, na siku ya tatu ukampeleka mpaka kwa shemeji yake, akiwa na machungwa mkononi, akidhani anakwenda kumpa habari njema.

Fundi alikaa nyumba ya chumba na sebule. Mlango ulikuwa wazi, saa nne ya asubuhi, jua limejaa mpaka katikati ya sebule. Bi Filimbi alikaribia kubisha hodi, akaacha. Shemeji yake alikuwa amesimama hapo sebuleni, macho ameyafumba. Alinyoosha mkono, akagusa ukuta, akahesabu hatua kwa sauti ya chini, tatu, nne, akafika mezani. Akapapasa jagi, akapapasa kikombe, akaingiza kidole kwenye kikombe na kumimina maji mpaka kidole kilipolowa. Akanywa. Kisha akageuka, akahesabu tena kurudi kwenye kitanda chake cha pale pale sebuleni.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alishtuka, akafumbua macho. Aliona aibu, akacheka kidogo. "Ah, shemeji, umenifuma. Najizoeza. Giza likija linikute nimeshajua njia. Binti asome, asikae hapa kunishika mkono." Akavuta kiti. "Kaa. Chooni nafika bila shida. Jikoni bado, jikoni naungua."

Bi Filimbi hakukaa. Machungwa aliyaweka chini.

"Macho yako mazima," alisema.

"Wewe si daktari."

"X haikuwepo. Niliipaka rangi. Niliipaka mimi, mikono miwili, siku moja kabla ya wageni. Ulitazama vizuri, shemeji. Hakukuwa na kitu cha kuona. Na viti nilivishusha mimi."

Fundi akakiacha kiti, akaenda mlangoni, akasimama pale akiangalia barabara. Aliangalia upande mmoja, kisha upande wa pili. Ng'ambo kulikuwa na duka lenye maandishi madogo ya bei kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti, yote, mstari baada ya mstari, bila kukosea. Alipomaliza, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kikaoni nilikuwa nyuma yako," alisema bila kugeuka. "Ulinisikia nikisema macho yangu."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha."

"Nikakuacha."

Bi Filimbi alisubiri atukanwe. Alisubiri hata apigwe, na angeshukuru. Badala yake fundi alijipangusa uso kwa shati, akachukua viatu vyake chini ya kitanda, akavaa, akafunga kamba polepole, mguu wa kwanza na wa pili.

"Twende."

"Wapi, shemeji? Bodi nimeshakwenda. Wamekataa."

"Nani anazungumzia Bodi?"

Walitembea hadi mtaa wa pili. Kwenye nyumba ya mshona nguo cherehani ilikuwa inasikika kutoka ndani. Fundi alibisha hodi mwenyewe, na kwa jinsi alivyobisha Bi Filimbi alitambua kwamba hakuwa mgeni wa mlango ule. Cherehani ikanyamaza. Mama wa mtoto akatokea, uzi shingoni, amekonda kuliko siku ya maziko. Alimtazama fundi, wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu tu.

"Umekuja tena?" alisema. "Kila mwezi unakuja kuniomba msamaha, baba wa watu. Nilishakwambia, siwezi. Bado siwezi. Usinilazimishe."

Fundi akasogea pembeni, akamwacha Bi Filimbi peke yake mbele ya mlango.

"Leo si mimi," alisema.